Mtoto Aliyeshindanishwa na Treni

Jamani wazazi wa Voi, na nyinyi wa milimani mnaoshuka huku kutafuta riziki, nipeni nafasi niseme. Mnanijua. Mimi ni Everlyne, fundi wa nguo mwenye cherehani mbili pale nyuma ya msikiti, mzaliwa wa Rukanga chini ya mlima Kasigau. Mdomo wangu mnaujua pia, kwa hivyo sitajifanya mpole leo. Nataka kuwaeleza habari ya nyumba moja iliyoumia, na aliyeiumiza ni mimi, huyu huyu anayewapima nguo za harusi. Nalisema mapema ili mtu asije akadai nilificha.

Nyumba yenyewe ni ya Mwanarusi. Tumepanga ploti moja, ukuta wetu ni mmoja, akikuna nazi nasikia. Mwanarusi ni mtu wa asili ya pwani, baba yake alikuja Voi zamani kuuza vitambaa. Asubuhi anauza mahamri na mbaazi, mchana maji ya ukwaju. Mume wake, Idris, alienda Doha kuendesha mashine za kubebea mizigo kwenye ghala. Alimwacha binti mmoja tu, Nuha, akiwa na miaka kumi na mmoja. Mkataba ulikuwa wa miaka miwili. Ukaongezwa, ukaongezwa tena. Wakati wa mambo ninayoyasimulia, Nuha alikuwa kidato cha pili, ana miaka kumi na mitano, na baba yake hajakanyaga Voi miaka minne.

Lakini kila Ijumaa Idris alikuwa nyumbani kwa njia yake. Baada ya sala ya alasiri alipiga simu ya video. Mwanarusi aliisimamisha simu dirishani, akaiegemeza kwenye kopo la sukari, Nuha akakaa mkekani mbele yake na kumwimbia baba yake kaswida. Haikuwa sauti kubwa. Ilikuwa nyembamba na safi, ikipanda bila kutetemeka, na ikifika juu inakaa hapo kidogo kabla ya kushuka. Mimi ni Mkristo, Kiarabu sikijui hata neno, lakini nilikuwa natoa mguu kwenye cherehani nisikilize. Wateja wangu walijua kwamba Ijumaa saa kumi kwa Everlyne hakushonwi kitu.

"Ongeza moja, mamangu," Idris angesema. Alimwita bintiye mamangu, kama watu wa pwani wanavyowaita watoto wao wa kike.

"Bando litakwisha, baba."

"Na liishe. Nina kazi gani nyingine nalo?"

Mtoto aliongeza. Kisha akauliza swali lile lile la kila Ijumaa. "Baba, waja lini?"

"Inshallah, karibu."

"Karibu ni lini?"

Hapo Mwanarusi aliichukua simu akaingia nayo chumbani, na Nuha akabaki akikunja mkeka. Niliona hayo kupitia dirisha siku nyingi. Yule mtoto alimtamani baba yake hivi kwamba hata kuukunja mkeka kulimchukua muda.

Sasa nisikilizeni nilivyouharibu utulivu huo.

Mwaka huo mwezi wa pili, Mwalimu Munyoki, anayesimamia michezo katika shule moja ya kutwa hapa mjini ambayo sitaitaja jina, aliniletea jezi za timu ya mpira ya wasichana nizishone viraka. Alikuwa na uchungu. Mwaka uliopita walifika fainali ya kaunti dhidi ya wasichana wa Bomeni, kule Taveta, na washangiliaji wa Bomeni wakawameza. Wasichana wetu wakacheza kama wako ugenini katika dunia nzima.

"Mwaka huu kuna kombe hata la kikundi cha washangiliaji," akasema. "Na fainali itarushwa moja kwa moja kwenye simu. Nasikia wewe zamani ulikuwa moto."

Nilikuwa moto, wacha nijisifu kidogo. Huko Rukanga, shuleni, mimi ndiye niliyeanzisha nyimbo za kushangilia, na nikifungua kinywa Kasigau yote inanijibu. Nilikua nikijua nina sauti ya simba. Kumbe nusu yake ilikuwa mwangwi wa mlima. Nilikuja kulijua hilo nimeshachelewa. Siku ile nilikubali kabla Mwalimu hajamaliza kunieleza, na hakuna aliyeniuliza nilijifunzia wapi kufundisha sauti. Hata mimi sikujiuliza.

Nilipewa wasichana ishirini na wawili wa kushangilia, Nuha akiwa mmoja wao. Siku ya kwanza niliwasimamisha upande mmoja wa uwanja, nikaenda upande wa pili, nikawaambia kila mmoja apige ukelele wa shule peke yake. Voi ni tambarare, na upepo wa mchana huchukua maneno ukayapeleka Tsavo. Nikasikia vifaranga tu. Ila zamu ya Nuha ilipofika, nilisikia kila neno, zima zima, ingawa hakupaza sana. Mtu anayeijua kazi angewaambia wale wengine, mtazameni huyu, anavuta pumzi kutoka chini, anafungua kinywa, hana haraka. Mimi nikasema, "Sauti nzuri lakini ndogo. Tutaikuza."

Na nitaikuza vipi bila mlima? Hapo ndipo nilipopata wazo langu la kijinga. Reli inapita karibu na uwanja ule, ng'ambo ya ua wa waya. Treni ya mizigo ilikuwa inapita mnamo saa kumi na nusu, mabehewa zaidi ya mia, ardhi inatetemeka mpaka mawe madogo yanaruka. Mimi nilisimama karibu na ua, wao nikawaweka hatua mia moja nyuma yangu. Treni ikifika, wanaanza wimbo. Nikisikia maneno kupita kelele za treni, wamefuzu. Nisiposikia, wanarudia mpaka behewa la mwisho lipite. Watu wa mtaa walikuja kutazama, wakapiga makofi. "Everlyne anashindana na treni!" Nikavimba kichwa, jamani. Nikawa nalala nikiota kombe.

Nuha alinifuata baada ya mazoezi ya kwanza, huku akifunga viatu.

"Kocha, kweli itaonekana kwenye simu, moja kwa moja?"

"Itaonekana."

"Hata Doha?"

"Hata Doha, mtoto wewe. Kwani Doha ni mbinguni?"

Akacheka, akainama tena kwenye viatu. "Basi nitaanzisha mimi. Usimwambie baba. Nataka anisikie tu kwa ghafla, katikati ya watu wote."

Nikamfanya mwimbishaji, yule anayeanzisha peke yake ndipo wenzake wamwitikie. Kazi ya mwimbishaji ni mara mbili ya wenzake, kwa sababu hana mtu wa kujifichia. Siku nne kwa wiki, Ijumaa tukiiacha, saa moja na nusu, jua na vumbi jekundu, na treni juu yake.

Wiki ya pili wakaanza kukauka. Kalondu, msichana mchekeshaji wa kikundi, alinijia akinong'ona, "Kocha, koo limeenda safari, halijasema litarudi lini." Wote wakacheka, nami nikacheka. Nuha ndiye hakucheka. Alisema polepole, "Mimi pia, Kocha. Linauma hapa," akashika chini ya kidevu.

Nikamjibu kama ninavyowajibu wateja wanaolalamika kwamba nguo imebana. "Koo ni kama kiatu kipya. Linauma kwanza, halafu linazoea."

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuambiwa. Nikawaletea dawa zangu. Tangawizi mbichi ya kutafuna na chumvi, na asubuhi ya mazoezi yai bichi. Hivyo ndivyo tulivyofanya Rukanga, na hakuna aliyekufa. Mnajua, huo ndio ushahidi tunaoupenda sisi watu wazima, kwamba hakuna aliyekufa.

Ijumaa ya wiki ya nne nilitoa mguu kwenye cherehani kama kawaida. Nuha akaanza kaswida. Ilipofika pale juu, sauti ikakatika. Akakohoa, akaanza tena, ikakatika pale pale.

"Una mafua, mamangu?" Idris akauliza kwenye simu.

"Ndiyo, baba. Mafua tu."

Mtoto alidanganya ili asiiharibu ile siku ya ghafla aliyomwandalia baba yake. Nami ukutani nilijua si mafua. Nilifanya nini? Nilirudisha mguu nikashona.

Jioni hiyo Mwanarusi alibisha hodi, mikono bado ina unga.

"Dada Everlyne, huyu mwana sauti yamkwama. Usiku akohoa, asubuhi hasemi mpaka anywe maji ya moto. Hebu mpumzishe japo wiki moja."

"Mama Nuha, tumebakisha wiki tatu! Nikimpumzisha sasa, koo litalala. Unataka Bomeni watucheke tena?"

"Mimi Bomeni wanihusu nini?"

"Na baba yake je? Mtoto ana siri yake. Anataka baba yake amsikie siku hiyo."

Sikupaswa kuitoa siri ya mtoto, lakini niliitoa, kwa sababu nilijua itafanya kazi. Mwanarusi akayafuta macho kwa kiwiko kwa vile vidole vilikuwa na unga. Mwishowe akasema kwa sauti ya chini, "Pengine akimsikia hivyo, mbele ya watu, moyo utamvuta arudi. Mimi nimemwita miaka yote hii. Maneno yangu yameisha." Akaenda zake. Hiyo ilikuwa mara ya pili kuambiwa. Ya pili niliishinda kwa kumkamata mwanamke pale anapoumwa na upweke, na hilo linanichoma zaidi ya mengine yote.

Mara ya tatu ilikuwa siku mbili kabla ya safari. Nuha alikuja dukani peke yake, akasimama karibu na meza ya kukatia.

"Kocha, nikimeza mate naona kama kuna mchanga. Naomba Kalondu aanzishe. Mimi niitikie na wenzangu."

Ombi lilikuwa dogo namna hiyo. Kalondu alikuwa hodari, angeweza. Lakini sauti ya Kalondu ilikuwa ya kawaida, na mimi nilitaka kombe. Nikamwambia, bila hata kuuinua uso kutoka kwenye mkasi, "Na baba yako siku hiyo atamsikia nani? Kalondu?"

Akasema, "Sawa, Kocha," akaondoka. Wazazi wenzangu, nyamazeni nilie kidogo hapa, kisha nitaendelea.

Tulienda Taveta alfajiri kwa basi la shule, na badala ya kuwanyamazisha watoto wapumzike, niliwaimbisha njia nzima. Tulipopita kilima cha Salaita, karibu kufika, walikuwa tayari wamechoka, mimi nikasema wamechemka. Uwanja wa Bomeni ulikuwa umejaa. Wenzetu walikuwa na ngoma mbili, filimbi na makofi yaliyopangwa. Mimi nikawaambia wangu kwamba ngoma ni za wasio na sauti.

Mechi ikaanza. Nuha alivaa hijabu ya rangi ya shule niliyomshonea kwa mkono wangu. Kila alipoanzisha, watu walinyamaza kumsikiliza. Kulikuwa na kijana mwenye simu juu ya kigoda, anarusha mchezo, na kila mara Nuha alimgeukia yule kijana, si uwanja. Mimi tu ndiye niliyejua ni nani anamwimbia. Kipindi cha pili tukafunga bao. Nikampigia kelele, "Panda, Nuha! Panda!" Akapanda. Alikaza shingo mpaka mishipa ikatoka, uso ukawa wa mtu anayeinua gunia. Neno likapanda, likafika juu, na hapo likakatika. Halikufifia. Lilikatika mara moja. Kinywa chake kilibaki wazi, hakuna kitu kinachotoka. Akashika koo kwa mikono miwili, akanitazama.

Kalondu aliruka mbele akaendeleza wimbo, kikundi kikaitikia, wala watazamaji hawakugundua. Tulishinda mechi, tukapewa kombe la washangiliaji. Nililiinua mimi. Nuha alikuwa amekaa chini nyuma ya wenzake, mikono bado shingoni.

Ndani ya basi, simu ya Mwanarusi, aliyokuja nayo Nuha, ikalia. Idris. Mtoto akaipokea haraka, akaiweka sikioni, nami nilikuwa kiti cha jirani nikasikia kila kitu. Baba mtu alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja.

"Nuha! Mamangu! Mama yako jana alinitumia kiungo nitazame, nami sijui natazama nini, mara nakusikia! Nimekusikia, wallahi! Wenzangu wote ghalani wamekusikia! Sema na baba. Hebu sema."

Nuha akafungua kinywa. Ikatoka pumzi tu.

"Halo? Nuha? Halo?" Tulimsikia akiongea na mtu wa kando yake. "Simu yaonekana haishiki." Kisha tena, "Nuha, wanisikia? Mimi sikusikii."

Mtoto alijaribu tena na tena, midomo inakwenda, machozi yanamwagika kwenye hijabu. Baada ya dakika nzima Idris alisema, "Basi, huko mtandao mbaya. Nitapiga mkifika," akakata. Nuha aliishika ile simu mapajani mpaka Voi. Basi lote lilikuwa limenyamaza, na kombe lilikuwa miguuni mwangu.

Daktari wa hapa alimtazama akasema aende Mombasa kwa wataalamu wa koo. Huko walimpitishia kamera ndogo, wakamwonyesha Mwanarusi picha. Nyuzi za sauti zilikuwa na vinundu viwili vya kusuguana kwa muda mrefu, na siku ile mshipa mdogo ulipasuka ndani ya uzi mmoja, damu ikavilia. Akaamriwa asitoe neno wiki sita, hata kunong'ona. Akawa anaandika kwenye daftari. Niliona ukurasa mmoja Mwanarusi alipolisahau dirishani. Ulikuwa na maneno mawili tu, "Baba amekasirika?"

Hakukasirika. Mwanarusi alimweleza yote, naye kwa wiki sita za ukimya aliendelea kupiga simu kila Ijumaa. Baba alikuwa anaongea, binti anatikisa kichwa. Nami kila Ijumaa saa kumi mguu ulitoka kwenye cherehani wenyewe, nikangoja, nikasikia kuku wa jirani. Niliitamani ile sauti, jamani. Niliitamani kama mtu anavyotamani maji ya nyumbani kwao. Kisha nilikumbuka ni nani aliyeimaliza, nikajiona sina haki hata ya kuitamani.

Mwanarusi hakunitukana. Heri angenitukana. Alinisalimu asubuhi, "Hujambo, Everlyne," bila dada, akapita. Nilipomwomba niwasindikize Mombasa kwenye mafunzo ya kurudisha sauti, alisema, "Njoo. Ujionee."

Mwalimu wa sauti kule ni mwanamke aitwaye Bi Jannat, mfupi, mwenye maneno machache. Alipojua mimi ndiye kocha, hakunifokea. Akanivutia kiti. "Kaa hapa. Weka mkono tumboni. Vuta pumzi." Nikavuta, mabega yangu yakapanda hadi masikioni. "Unaona? Hewa yako yote iko shingoni. Ndivyo ulivyowafundisha."

Alitufundisha siku hiyo mambo ambayo ningeyajua mapema kama ningeuliza. Kwamba pumzi itoke chini ya mbavu, tumbo lijae kwanza. Kwamba kushangilia kwa sauti nzito ya kifuani kunafika mbali kuliko kupiga yowe. Kwamba maneno ya kikundi yawe mafupi, yatamkwe kwa vinywa wazi, na watu wayatoe pamoja, kisha makofi na ngoma zifanye kazi wakati koo linapumzika. Kunywa maji kidogo kidogo. Dakika ishirini, si zaidi. Na anayehisi maumivu anyamaze siku hiyo, bila kuulizwa kwa nini.

"Mtu wa mbali hasikii nguvu zako," Bi Jannat akasema. "Husikia neno lililo wazi."

"Na treni?" nikauliza, kwa ujinga wangu.

"Hata dereva wa treni hapigi kelele, dada. Ana honi."

Nuha alitabasamu, mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Nami nikakumbuka siku ya kwanza uwanjani, vile alivyosimama bila haraka, akavuta pumzi, na kila neno likanifikia zima. Mtoto alikuwa anajua kutoka mwanzo. Mimi ndiye niliyemtoa kwenye njia.

Sauti ilirudi, lakini si ile. Uzi ule uliovuja damu uliacha kovu. Sasa anaongea chini, kwa mkwaruzo, na akiongea sana inaisha kama betri. Madaktari wanasema ya kuzungumza atakuwa nayo maisha yake yote, Mungu ashukuriwe. Ya kuimba, hawamwahidi.

Idris aliuvunja mkataba akarudi. Ndiyo, alirudi, kama wote walivyomtamani miaka minne, na hakuna aliyepiga vigelegele. Siku ya tatu aliniita barazani kwake. Mtu mpole, mwembamba kuliko kwenye simu.

"Nina swali moja tu," akasema. "Alikwambia kwamba yuwaumwa?"

"Aliniambia."

"Mara ngapi?"

"Yeye mara mbili. Na mama yake mara moja."

Aliitikia kwa kichwa, akaitazama sakafu. "Mimi aliniambia ana mafua. Nami nilisikia kwamba si mafua. Baba hukosa kusikia? Lakini nilikuwa mbali, nikaona rahisi kuamini." Hakuniambia ondoka, wala hakuniambia nimekusamehe. Tulikaa tu mpaka adhana ya magharibi, akainuka kwenda msikitini.

Mwezi uliopita nilipeleka gauni la Mwanarusi nililolishona. Mlango ulikuwa wazi. Idris alikuwa ameketi mkekani, vidude vya kusikilizia simu masikioni, macho amefumba. Nuha alitoka chumbani, akamwona. Akakaa kando yake, akanyoosha mkono. Idris alishtuka, akataka kuzima simu. Nuha akakichomoa kidude kimoja kutoka sikio la baba yake, akakitia kwenye lake.

Nikajua wanasikiliza nini. Kumbe, Mwanarusi alinieleza baadaye, kule Doha alikuwa akirekodi simu zote za Ijumaa, miaka minne yote, na sasa anazisikiliza kwa siri ili asimuumize mtoto. Walikaa hivyo, bega kwa bega, kitambo. Mimi mlangoni, gauni mkononi, sikuweza kuingia wala kuondoka.

Nuha akakitoa kile kidude, akamrudishia.

"Alikuwa akiimba vizuri," akasema kwa ile sauti yake ya sasa.

"Nani, mamangu?"

"Huyo mtoto."

Idris akamvuta kifuani akalia kwa sauti, mtu mzima yule, bila kujali mlango uko wazi. Nililiweka gauni kwenye kiti cha nje nikaenda kwangu.

FUNZO

Msiniambie bahati mbaya. Bahati mbaya haibishi hodi mara tatu.

Funzo la kwanza ni hili, na mkisahau mengine msilisahau. Mtoto akisema anaumwa, simamisha kazi kwanza, kisha uliza. Usimpe mfano, usimpe methali, usimwambie sisi zamani tulivumilia. Mwili ni wake, ndiye anayejua panapouma.

Pili, sifa tunazozitafuta sisi wakubwa tuzitafute kwa makoo yetu wenyewe. Nilikuwa na njaa ya zamani ya kusifiwa, nikaipakia juu ya mtoto wa mwenzangu. Kuna wazazi hapa wanafanya hivyo hivyo na mbio, na mitihani, na kwaya za kanisa. Mnajijua.

Tena, ukipewa kazi ya kufundisha usiyoijua, sema hujui. Ningeuliza mtu mmoja tu anayejua, Nuha angekuwa anaimba. Na mkijua mtoto anamtamani mtu aliye mbali, msiitumie hamu hiyo kumwendesha. Hamu ya mtoto haina breki. Itamfanya abebe mpaka avunjike, na hatakwambia.

Shule iliniomba niendelee. Nilitaka kukataa, Mwanarusi ndiye aliyeniambia, "Nenda, Dada Everlyne, ukawafundishe vile tulivyofundishwa." Alisema dada. Kwa hivyo naenda. Dakika ishirini, ngoma tatu, maji kwenye ndoo, na anayesema koo linauma anakaa kivulini na kupiga makofi. Nuha hajaja uwanjani hata siku moja. Simlaumu, wala simwiti.

Mwaka huu kikundi chetu kilikuwa cha tano kati ya shule nane. Mwalimu Munyoki alininunia siku mbili nzima. Wasichana wangu walishuka kutoka kwenye basi wakipiga domo wote kwa wakati mmoja, hakuna anayemsikiliza mwenzake, kelele mpaka wauzaji wa stendi wakageuka kutazama. Mama mmoja akaniambia niwanyamazishe. Nikamwambia hapana, mama, hebu waache.